Godoro la Bi Harusi na Peugeot ya Baba

Ukitaka kulijua gari la familia, lipakie watu na mizigo, kisha lipandishe kutoka Mombo hadi Lushoto. Ni kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili. Huko ndiko nilikoijua Peugeot 504 ya baba, ile ndefu yenye safu tatu za viti na gia kwenye usukani, na mpaka leo sijaona gari la kuishinda.

Baba alikuwa muumini wa Peugeot tangu enzi za 404. Usiku alitusimulia Safari Rally ya 1963, magari zaidi ya 80 yalipoondoka na 7 tu yakamaliza, ya kwanza ikiwa 404 ya Nick Nowicki. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na mshindi akawa Nowicki yuleyule, na 404 vilevile. Ushindi wa 504, wa Ove Andersson mwaka 1975 na wa Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978, aliusimulia kama habari za ndugu zake. Mama alisikiliza kwa subira, kisha akauliza swali lake lilelile: ndugu hao ndio watakaomlipa fundi?

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi ya binti wa shangazi. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, bibi mbele, mama na shangazi katikati, sisi watoto nyuma kabisa. Juu ya keria lilikaa godoro la bi harusi, sufuria mbili za pilau na gunia la nazi, maana kule Usambara juu minazi haioti. Vyote vilifungwa kwa mipira ya tyubu iliyovutwa mpaka ikalia. Uzito haukumtia baba wasiwasi. 504 ya aina ile ina springi nne za koili nyuma, mbili kila upande. Ndiyo maana ilibeba abiria na magunia katika nchi nyingi za Afrika bila kukalia matairi.

Korogwe mama alisema anasikia harufu ya kitu kinachochemka.

"Mama watoto, hilo ni joto la Korogwe," baba akamjibu.

Hatujafika Soni, mpira wa juu wa rejeta ukapasuka. Mvuke ukaziba kioo chote, bibi akapiga shahada kwa sauti, baba akaliingiza gari pembeni na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Hapo alinifundisha mambo ambayo nayatumia hadi leo. Alikataa mtu yeyote asiguse mfuniko wa rejeta, kwa sababu maji yaliyo ndani huruka na kubabua uso. Akakataa pia injini ya moto isimwagiwe maji ya mto, kwani silinda hedi yake ni ya alumini, na ikipozwa ghafla hupinda. Tukangoja. Injini ilipopoa alihitaji kitu cha kuufungia ule mpira, na kitu pekee kilichofaa kilikuwa juu ya keria.

"Baba watoto, mzigo wangu usiuguse!"

Fundo la kwanza lilikuwa limeshafunguka. Gunia likateleza, likapasuka, nazi zikashika njia ya kurudi Mombo. Shangazi alizikimbiza na khanga mkononi. Basi lililokuwa likipanda likasimama, utingo wake akashuka kusaidia, na watoto wa kijiji cha chini wakaturudishia walizookota, wamezibeba kwenye mashati yao. Barabara ile ina watu wema.

Baba aliuzungusha mpira wa tyubu juu ya ufa, tabaka juu ya tabaka, akajaza maji ya mto kwa sufuria ya pilau, akaufunga mfuniko nusu tu ili presha isipande. Kisha akafungua hita mpaka mwisho, maana hita nayo huvuta joto la injini. Keria haikuwa tena na cha kufungia mzigo, kwa hiyo godoro likaingia ndani. Tuliumaliza mlima tukiwa chini ya godoro, jua la mchana, hita inapuliza, sufuria magotini. Mama hakusema neno mpaka Lushoto, na kimya kile kilimtisha baba kuliko mvuke. Jioni sufuria ikasuguliwa kwa majivu, pilau ikapikwa, bi harusi akalipata godoro lake.

Baba hakuwa fundi. Aliweza kwa sababu ukifungua boneti ya 504 unaona kila kitu, kabureta, mkanda wa feni, mipira ya maji, na mkono unafika. Magari ya sasa hunywa mafuta kidogo na hayachemki ovyo, hilo silipingi. Lakini taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, fundi hutafuta kwanza kompyuta ya kusomea ugonjwa, na mlimani huipati.

Ufaransa iliacha kuunda 504 za abiria mwaka 1983. Kama kwenu ipo moja imeegeshwa chini ya mwembe, msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Badilisheni mipira yote ya maji, wekeni na ya akiba kwenye buti, na mizigo ifungeni kwa kamba.