Kitabu cha Kwanza cha Saikolojia na Masaibu ya Msomaji wa Mamba

Uteuzi wa kitabu cha utangulizi wa saikolojia, yaani taaluma inayochunguza akili na mwenendo wa mwanadamu, hudhaniwa kuwa kazi ya maktaba, ingawa kwa mwalimu wa Mamba, mkoani Katavi, anayejiendeleza kwa masafa, pengine katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kazi hiyo huanzia kwenye basi. Njia ya kwenda Mpanda mjini hupitia Kibaoni, hukata Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kutokea Sitalike, na abiria aliyekusudia kuitafakari orodha yake ya vitabu njiani hujikuta akiitumia karatasi hiyo hiyo kuwapiga ndorobo walioingia dirishani bila nauli.

Mjini, mtego wa kwanza umetandazwa kwenye turubai kando ya barabara, ambako neno saikolojia hupamba majalada ya vitabu vya hamasa, navyo ni vile vinavyomwahidi msomaji kwamba atatajirika, atapendwa na kuogopwa kabla mwezi haujaisha. Muuzaji, asiyemtakia mtu mabaya, huapa kwamba ndivyo vinavyosomwa vyuoni. Mnunuzi hushtuka siku ya zoezi, anapotakiwa kutofautisha adhabu na uimarishaji hasi, yaani kuuzidisha mwenendo kwa kuondoa kero, ilhali alichonacho ni sura nzima ya faida za kuamka saa kumi alfajiri. Kitabu cha kitaaluma hueleza nani alichunguza, lini na kwa watu gani, na hakioni haya kukiri kwamba jambo fulani bado linabishaniwa. Kinachojua kila kitu na kiachwe pale pale kwenye turubai.

Kimbilio linalofuata ni desa, jina ambalo wanafunzi wameupa muhtasari uliotolewa kopi kutoka kwenye kopi ya kopi. Desa ni jepesi, ni la bei nafuu, na husaidia sana usiku wa kuamkia mtihani, lakini kila mashine linayopitia hulipunguzia wino, hata picha ya mbwa wa Pavlov ikabaki kama pembe mbili na kidevu, na mtahiniwa akaandika kwa ujasiri kwamba mwanasayansi huyo wa Urusi alimzoeza mbuzi kudondosha mate.

Wako pia wanaopima ubora kwa unene, na hao wangefaa kusimuliwa habari za William James wa Marekani, aliyeahidi kukamilisha kitabu chake kikuu cha saikolojia ndani ya miaka miwili, akakikamilisha baada ya miaka 12, mwaka 1890, kikiwa na kurasa karibu 1,400. Mwaka 1892 alitoa toleo fupi kwa ajili ya madarasa, na wanafunzi wakayabatiza majuzuu makubwa jina la James, na kile kidogo wakakiita Jimmy. Anayeanza amtafute Jimmy wa zama zake, kisha afungue sura ya kumbukumbu, kwa kuwa hapo ndipo kitabu hujianika. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba, baada ya wiki moja, waliosoma kifungu na kujaribu kukikumbuka bila kukitazama walikumbuka zaidi kuliko waliokirudia kukisoma. Msomaji wa kawaida, akiupata ugunduzi huo, huupaka wote rangi ya njano na kuurudia kuusoma mara nne. Kitabu kinachofaa humzuia kwa maswali ambayo majibu yake yamewekwa mbali, si chini ya kidole gumba.

Sura ya magonjwa ya akili haihitaji maelezo marefu: kabla ya kuimaliza, msomaji amejigundulia matatu, na mawili yaliyobaki amempa shemeji yake.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni faharasa, ile orodha ya mwisho ya majina na mada, na hasa kama Uganda imo. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye vitabu vingi humtaja kwa utafiti wake wa Baltimore, Marekani, tu, alikuwa amekwishawachunguza akina mama na watoto wao nyumbani kwao Uganda mwaka 1954 na 1955, akachapisha matokeo yake mwaka 1967, na humo ndimo ilimochipukia sehemu muhimu ya nadharia ya mwambatano, yaani kifungo cha moyo kati ya mtoto mchanga na mlezi wake. Kitabu kinachoiruka safari hiyo humwachia mwalimu wa Mamba picha ya mtoto ambaye hajawahi kubebwa mgongoni.

Kikishapatikana kilicho bora, huazimwa. Hutembea shule hadi shule muhula mzima, kisha hurudi kikiwa na harufu ya mafuta ya taa, bila jalada na bila sura ya mapenzi na hisia, huku kila aliyekiazima akiapa kwamba yeye alikipokea hivyo hivyo.