Bustani ya Burudani Isiyo na Umeme: Sita Bora za Bonde la Ufa

Afrika nzima haina Disneyland. Iliyo karibu iko Paris, na nauli ya huko inakaribia bei ya ng'ombe wa maziwa pale Njoro. Wenzetu hukutikisa, hukutisha na kukulowesha kwa mashine. Nakuru na majirani zake wameiachia ardhi kazi hiyo. Haya, tunahesabu kushuka.

6. Mteremko wa Mai Mahiu. Wengine hulipa ili waporomoshwe huku wakipiga mayowe. Wewe panda matatu. Chini kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Italia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Waliikata, wakaitazama, wakaona heri pawe na mahali pa kuombea.

5. Kasri la Lord Egerton, Njoro. Bustani ya burudani sharti iwe na kasri la binti mfalme. Hili letu, binti alilikataa. Ujenzi ulianza 1938 ukaisha 1954, vyumba zaidi ya 50, na mwenyewe akaishi bila mke hadi kifo chake mwaka 1958. Inasimuliwa kuwa binti huyo aliiita nyumba ya awali ya Egerton kibanda cha kuku. Siku hizi maharusi humiminika humo kupiga picha. Pole, bwana.

4. Kikopey. Gari likipunguza mwendo tu, wachoma nyama wanalikimbilia wakipunga mikono kama ndugu mliopotezana. Mbuzi kwa kilo, ugali, kachumbari. Mambo ya kupunguza uzito yaache kwenye mizani ya Gilgil.

3. Ziwa Nakuru. Ukiwauliza flamingo, utaambiwa wengi wamehamia Bogoria. Maji yalipanda kuanzia 2010 hivi, magadi yakazimuka, chakula chao kikaadimika. Hata lango kuu la zamani likamezwa. Wageni husononeka, lakini mimi nawaelewa ndege: mtaa ukiharibika, mtu huhama. Vifaru wamebaki. Kule Baboon Cliff funga dirisha, maana nyani wa pale hurarua pakiti ya krispi kwa meno, huonja, na ladha isipompendeza hukukazia macho wewe.

2. Menengai. Wakikuyu huiita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Anayelipia nyumba ya mizimu ya plastiki hajasimama ukingoni hapa jioni, kasoko ikididimia karibu mita 500 na mvuke ukifuka huko chini. Bosi akipiga simu, mwambie umefika ukingoni. Si uongo.

1. Hell's Gate na Olkaria. Jina la kutisha, starehe ya kweli. Katika hifadhi hii ya mwaka 1984 unaendesha baiskeli kati ya pundamilia, na nyati ndiye anayepanga foleni. Inasemekana wachoraji wa The Lion King walipata msukumo hapa, kwa hiyo Disney ndio walioanza kututembelea. Mapaja yakilegea, ingia bwawa la Olkaria: maji ya samawati yaliyochanganyika na weupe, moto, yananuka yai viza. Kwanza unaziba pua. Baadaye mabega yanashuka yenyewe, na mzee wa pembeni, kofia bado kichwani, anaanza kukueleza yalivyomponya magoti. Usibishane naye, hata wewe hutaki kutoka. Maji hayo hupanda pamoja na mvuke unaozungusha mitambo ya KenGen na kuwasha taa kwenu. Umetoroka tokeni za stima Nairobi, ukaja kulipa kiingilio uziogee.