Moyo! Moyo!

Kosa langu Jumamosi ile lilikuwa moja: nilikaa kumsaidia binti yangu kazi ya shule huku lori la maji likijaza tangi.

Huku kwetu Gudele, mtaa wa Juba, maji ya bomba hatuyajui. Lori linaingia uani, dereva anatupa mpira kwenye tangi, mtu anausimamia mpaka lijae, unalipa. Tulikuwa watu wazima watatu nyumbani, na hakuna aliyeusimamia.

Mtoto alikuwa na sentensi ya kukamilisha: historia ya nchi yangu ilianza mwaka, halafu vidoti. Mimi nimekulia Kakuma, kambi ya wakimbizi Kenya. Nimesomeshwa Mau Mau kabla sijasikia Anyanya, waasi wetu wa kwanza. Nikamwambia aandike 2011, Julai 9, tulipopandisha bendera ya Sudan Kusini, twende tukale.

"Usimpotoshe mtoto," mjomba akasema kutoka chini ya mwembe. Mjomba ni mtu wa Torit. "Andika 1955, Agosti 18. Askari wa Torit walipoasi, wengine walikuwa wapi?"

Hao "wengine" alikuwa mama mkwe, mtu wa Bor, aliyekuwa akichambua mtama. Hakuinua hata uso. "Mjukuu wangu, andika 1983, Mei 16, askari wa Bor walipoasi. Hao wa 1955 walitia saini Addis Ababa mwaka 1972, wakagawana vyeo."

"Vyeo!" mjomba akaruka. "Mimi nilipata jembe!"

Akamtaja John Garang, kiongozi wa uasi wa 1983, akataja na waliomtangulia Garang. Mama mkwe naye akaingia 1991, jinsi alivyotoka Bor kwa miguu na mtoto mgongoni baada ya jeshi kugawanyika na watu wa Riek Machar, wengi wao Wanueri, kuuvamia mji. Hapo ndipo jirani alipofika kuazima ungo.

Jirani yetu ni Mnueri. Desemba 2013, Wanueri walipokuwa wakiuawa Juba, alikimbilia kambi ya UN karibu na Jebel, akakaa humo miaka. Wanawake hawa wawili huazimana chumvi, makaa na wajukuu. Mwaka 1991 na mwaka 2013 hawajawahi kuitaja wakiwa pamoja. Riek aliomba radhi kwa yale ya Bor mwaka 2011, lakini radhi ya mkubwa haifiki jikoni. Mama mkwe akanyamaza katikati ya neno. Ungo ukabaki mkononi.

Jirani akatazama nyuma yetu, akapiga kelele: "Moyo! Moyo!"

Kwa Kiarabu cha Juba, moyo ni maji. Najua, nanunua nyanya Konyo Konyo kila wiki. Lakini kichwa changu cha Kakuma kilisikia Kiswahili. Nikamrukia mama wa watu nikamshika mabega, naita kiti, naita bodaboda ya kumkimbiza hospitali. Akanisukuma pembeni.

Tangi lilikuwa limefurika jikoni. Fundi wetu aliniambia jiko likiwa chini ya tangi nitaokoa bomba. Makaa yalikuwa yanaelea. Gunia la unga lilikuwa limenywa mpaka limevimba. Maji yakapita mlangoni, yakaingia chumbani kwa mama mkwe, chini ya kitanda, kwenye boksi la pesa za kuuza karanga. Alasiri nzima yeye na jirani walikuwa wakibana noti kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Noti zetu zote zina sura ya Garang, basi Garang wakajipanga kutoka mwembe hadi choo, wakidondosha maji.

Sasa gharika ilianza lini? Mjomba anasema ilianza nilipopiga simu ya lori. Mama mkwe anasema ilianza mjomba alipofungua mdomo. Mke wangu aliporudi kazini alisema ilianza nilipomsikiliza fundi. Dereva, aliyekuwa amelala ndani ya gari, hajui chochote kilichoanza. Anajua lori limeisha na anataka hela yake. Wakatoka Garang mmoja baada ya mwingine, bado wabichi.

Lori litakuja tena Jumatano. Ukipita Gudele utanikuta nimeshika mpira. Nisalimie, lakini mambo ya mwaka usiniulize.