Mbwa wa Theluji, Jua la Goba

Dar es Salaam mbwa hununuliwa wiki moja baada ya jirani kuibiwa. Televisheni ya jirani ikishapitishwa juu ya ukuta, baba mwenye nyumba wa upande wa pili hulala jicho moja, na asubuhi ofisini kazi ya kwanza ni kushika simu kutafuta mbwa. Hatafuti mbwa wa kuishi naye. Anatafuta meno. Akiona picha ya mnyama mwenye kifua kipana anatuma kianzio kabla hajauliza anakula nini, na mama mwenye nyumba anapata habari siku boksi linaposhushwa getini.

Muuzaji naye si mtu wa kuharibu biashara. Kwake kila kitoto cha mbwa ni German pyua, baba yake yuko polisi, mama yake alikuja na ndege. Masikio yamelala? "Yatasimama tu, bosi." Hapo hajasema uongo wa moja kwa moja, maana masikio ya German Shepherd kwa kawaida husimama kati ya miezi minne na sita, na wakati wa kubadili meno yanaweza kusimama leo yakalala kesho. Ndiyo maana mnunuzi huendelea kusubiri. Mbwa anafikisha mwaka, masikio yako palepale, na wanafunzi wanaopita nje wameshampa jina: Mbuzi.

Akiwa pyua kweli, ndipo shughuli inapoanza. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari farasi Ujerumani, alimnunua mbwa aliyemwita Horand von Grafrath, akamwandikisha kuwa wa kwanza wa aina hiyo. Ukoo wake ulikuwa wa wachunga kondoo: kutwa kucha wanakimbia pembezoni mwa malisho, kondoo asivuke kwenda kwenye mazao. Uwanja wa nyumba ya Goba hauna kondoo, ila Jumapili ya kipaimara una watoto wa ukoo mzima. Mbwa anawazunguka taratibu, anawakusanya wote penye tangi la maji, na anayechomoka kufuata pilau anarudishwa kwa kusukumwa na pua. Hajauma mtu. Shangazi aliyetoka Moshi anakuja mbio na mwiko kuwaokoa, mbwa anamtazama, anamwongeza kundini.

Mbwa huja na kazi yake. Asipopewa, anaitafuta.

Aliyevunja rekodi ya vituko mtaani hapo ni husky wa Siberia. Mwenye nyumba alimpendea macho ya bluu, sababu ambayo imeponza watu wengi hata katika mambo yasiyohusu mbwa. Wachukchi wa kaskazini-mashariki ya Siberia walimfuga ili avute mizigo juu ya theluji, mwendo mrefu, kwa chakula kidogo. Dondakoo ilipozuka mjini Nome, Alaska, Januari 1925, waendeshaji 20 na mbwa wao walipokezana kubeba dawa zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku tano na nusu. Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, alikimbia kipande kirefu na kibaya kuliko vyote. Balto, aliyeingia na dawa mjini, ndiye aliyejengewa sanamu New York mwaka huohuo. Mambo ya ofisini hayakuanzia kwetu.

Sasa mchukue mtu wa ukoo huo umshushe Goba mwezi wa Februari. Manyoya yake yana tabaka mbili, na kinyozi si jibu, maana tabaka hizo humkinga na jua pia, na zikinyolewa huenda zisiote tena sawasawa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama binadamu. Hupoa kwa kuhema, na hewa ya pwani iliyojaa unyevu haimsaidii sana mwenye kuhema. Familia ikamwekea feni. Alipokutwa amejitandaza kifudifudi kwenye vigae vya sebuleni, ulimi nje, ikamwashia kiyoyozi. Umeme wa LUKU uliokuwa ukivuka mwezi ukaanza kuisha tarehe za katikati, na mama wa nyumba akawa anajipepea jikoni kwa kipande cha boksi huku mlinzi amelala kwenye ubaridi.

Na ulinzi wenyewe? Husky kwa tabia hana kinyongo na wageni. Fundi bomba alipokelewa kwa furaha, muuza mayai pia, na kijana aliyeruka ukuta usiku kufuata nguo kwenye kamba alilambwa mikono, akaondoka na mashuka. Kipaji alichokuwa nacho ni kuchimba. Alfajiri moja alipita chini ya geti, na kwa kuwa silika ya kuwinda haijamtoka, akaelekea moja kwa moja kwenye banda la kuku. Kati ya kuku wote wa mtaa, wa mjumbe! Kikao kilifanyika chini ya mwembe, mshtakiwa amefungwa pembeni, akitikisa mkia kila alipotajwa jina. Mjumbe alidai kila tetea alipwe pamoja na mayai ambayo angetaga mpaka Pasaka.

Wengine huchagua kwa kufuata sinema na taarifa ya habari. Askari wa Marekani walipovamia nyumba ya Osama bin Laden mwaka 2011 walikuwa na mbwa wa aina ya Belgian Malinois aitwaye Cairo, na tangu hapo aina hiyo imepanda chati. Mbwa wa namna hiyo wamefunzwa hata Usa River, nje kidogo ya Arusha, kunusa pembe za ndovu zinazopitishwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Huko ana ajira. Mbezi hana, kwa hiyo anachana makochi.

Jack Russell ni mdogo, anatosha hata kwenye kapu la sokoni, lakini udogo si upole. Mchungaji John Russell wa Devon, Uingereza, alizalisha terrier wake katika karne ya 19 wamfuate mbweha mpaka shimoni. Mitaa yetu haina mbweha, ina panya, na panya akipita chini ya bustani hakuna bustani tena. Wala asijivunie pua yake. Magawa, panya buku aliyefunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia.

Mwambao una hesabu yake nyingine. Katika nyumba inayofuata madhehebu ya Shafii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, shida ni aina gani. Labrador alizalishwa amletee bwana wake kilichoanguka majini. Hapa ataleta viatu vya wageni vilivyoachwa mlangoni, kimoja kimoja, vimelowa mate, na salamu yake kwa kila mtu ni ulimi. Bibi atashinda na ndoo.

Basenji, mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, hujisafisha kama paka na karibu habweki kabisa. Hutoa sauti ya kughani. Kwenye ghorofa za kupanga ni mpangaji mwema kuliko wenzake wenye watoto. Aliyemnunua kwa kuogopa wezi ametupa fedha.

Anayebaki ni yule asiyetafutwa na mtu, mbwa wetu wa kienyeji, koko. Joto la Februari analijua, mabaki ya ugali na dagaa kwake ni sherehe, na akisikia nyayo zisizo za nyumbani hubweka bila kufundishwa na mtu. Lakini asiachwe kwa imani kwamba amezoea: kupe wanamtesa, minyoo vilevile, na kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Chanjo ya mwaka haiulizi kama ni pyua.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi, nalo ni kwamba mwenye mbwa si aliyemlipia. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, anarudi mtoto wa mwisho ameshalala. Anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi. Tajiri mmoja wa Tegeta alimlipa mkufunzi, mbwa akafundishwa amri zote kwa Kiingereza. Siku gari lilipobaki gereji akarudi kwa bodaboda, amevaa helmeti, na mbwa asiyemjua bila gari akasimama katikati ya geti anaunguruma. Tajiri akamaliza Kiingereza chote alichokilipia. Mlinzi akachungulia dirishani: "Vumilia, bosi, anakukagua." Mwishowe dada akatoka jikoni, khanga kifuani, mikono imejaa unga. "We! Koma!" Mbwa akalala chini.