Barua ya Wazi kwa Wanaohesabu Miaka ya Magari

Kwenu Waheshimiwa mnaopanga umri wa magari,
Dodoma, Nairobi na Kampala.

YAH: OMBI LA KUPIMA INJINI BADALA YA KUHESABU MIAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni. Nimeanza na salamu hiyo kwa makusudi. Kwetu uzee una heshima yake: mzee hupishwa kiti kwenye daladala, huamkiwa hata na asiyemjua, na hakuna bandari inayomtoza kwa kosa la kuzaliwa mapema. Gari likizeeka hupokewa na kikokotoo cha kodi. Tanzania hulitoza gari dogo la mtumba ushuru wa bidhaa wa nyongeza kwa sababu ya umri: asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likipita hapo, juu ya kodi nyingine ambazo lingelipa hata kama lingekuwa kinda. Mtaani ushuru huo unaitwa uchakavu, jina la ajabu kwa kodi inayokokotolewa kabla mtu hajainama kutazama chini ya gari kama kweli limechakaa. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515, haitaki mjadala: likivuka miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lisikanyage Mombasa. Uganda imekuwa pole zaidi, kwani sheria yake ya mwaka 2018 inalivumilia hadi miaka 15. Kwa hiyo Corolla ya miaka 12 ikitafuta pa kuishi, huko Kampala ni mtu mzima anayeruhusiwa kuingia, Dar es Salaam ni mzee anayelipishwa faini, na Nairobi ni maiti ya kuzikwa kwingine. Injini ileile, bodi lilelile. Madaktari wangefurahi kusikia kwamba kwenu uzee ni ugonjwa unaoambukizwa kwa kuvuka mpaka wa Namanga.

Kalenda yenu ina miujiza mingine. Tarehe 31 Desemba 2024, gari lililosajiliwa Japani mara ya kwanza mwaka 2017 lilikuwa halali kuteremshwa Mombasa. Kesho yake, ndugu yake aliyesajiliwa mwaka huohuo hakufaa tena, maana mlango ulikuwa umefungwa kwa magari yote yaliyosajiliwa kabla ya 2018. Gari hilo la pili lilikuwa melini limefungwa minyororo, gurudumu halijazunguka, tone la oili halijaungua. Lililala kijana likaamka kikongwe. Waheshimiwa, hoja yangu ni moja tu. Uzee wa gari uko kwenye matunzo yake, na serikali inayotoza tarehe ya kuzaliwa huku ikiyapa kisogo matunzo humwadhibu anayetunza na kumsamehe anayeharibu.

Fundi yeyote wa gereji ya chini ya mwembe angewaeleza haya bila kudai hata soda. Injini haijui mwaka. Inajua oili, joto na vumbi. Oili ikibadilishwa kwa wakati, ringi na kuta za silinda huishi kwa amani miaka mingi. Ikiachwa mpaka ifanane na lami, injini ya miaka 4 huitangulia kaburini injini ya miaka 20. Rejeta ikijazwa kulanti, njia za maji hubaki safi; ikijazwa maji ya bomba kwa imani kwamba maji ni maji, kutu na chumvi huziziba taratibu, injini ikachemka, gasketi ikaungua na hedi ikapinda. Injini huumia zaidi inapowashwa ikiwa baridi, oili ikiwa bado imejikusanya chini, ndiyo sababu teksi inayoshinda barabarani ikiwa ya moto hufika mbali kuliko gari linalotolewa mara moja kwa wiki kwenda dukani na kurudi. Na gari linalonguruma saa mbili kwenye foleni ya Ubungo linachakaa huku mita ya kilomita ikiwa imelala. Kwa haki, kipo kitu kimoja ambacho kalenda inakijua vizuri, nacho ni mpira. Tairi huzeeka hata likiwa limetundikwa stoo, na kiwandani huandikwa ubavuni tarakimu nne za wiki na mwaka wa kuzaliwa kwake. Hosi, busha na belti vivyo hivyo. Lakini hivyo vyote hununuliwa vipya dukani na kufungwa asubuhi moja. Kalenda mliyoibandika kwenye bodi la gari ingefaa zaidi kwenye tairi lake.

Ushahidi haupo kwa mafundi peke yao. Mwaka 1966, mwalimu wa sayansi wa Long Island, New York, aitwaye Irv Gordon, alinunua Volvo P1800. Mwaka 2013 gari hilo lilifikisha maili milioni 3, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8, safari ya kwenda mwezini na kurudi mara sita. Siri aliyoieleza kila alipoulizwa haikuwa na uchawi: kufuata kitabu cha mwongozo na kubadili oili kwa ratiba, kila maili elfu tatu na ushee, ambazo ni kama zile kilomita 5,000 wanazozihubiri mafundi wetu. Kwa hesabu za Nairobi, gari hilo lilikuwa limekwisha tangu 1974. Huko Ugiriki, dereva teksi Gregorios Sachinidis aliiendesha Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 hadi ikafikisha kilomita milioni 4.6, kisha mwaka 2004 akaikabidhi kwa walioitengeneza, nao wakaiweka kwenye makumbusho yao Ujerumani. Angeileta Dar es Salaam, badala ya makumbusho ingekutana na kikokotoo.

Najua mtakachosema: hivyo ni vioja vya watu wawili, tena Mercedes hiyo ilibadilishiwa injini mara kadhaa. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Gari ni mkusanyiko wa vipuri, na kipuri kinachokufa hubadilishwa bila kuua vingine. Kanuni hiyo hamuihitaji kutoka kwangu, mnayo ziwani Tanganyika. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ilikaa miaka 8 chini ya maji, yaani muda wote ambao Kenya inaliruhusu gari kuishi juu ya nchi kavu kabla ya kuingia, kisha ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Leo ikitajwa serikalini hutajwa kwa ajili ya ukarabati, na hakuna anayependekeza izamishwe tena kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Oktoba 2024, Arusha ilifurika Land Rover kwa mamia katika tamasha lililopigiwa debe na uongozi wa mkoa, na magari yenye umri wa babu za watu yakashangiliwa kama mashujaa. Magari ya serikali yakichoka huuzwa kwa mnada, wananchi huyanunua, huyapeleka gereji na kuyafufua, na hakuna anayewaambia kwamba wamenunua balaa. Inaelekea gari kuukuu ni urithi likiwa kwenye tamasha, ni mapato likiwa kwenye mnada, na ni hatari kwa taifa likiwa mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hewa, na sitalikejeli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje ya nchi zilizoyatumia kwanza, na fungu kubwa lilikuja Afrika, mengi yakiwa machafu na si salama. Magari ya miaka ya karibuni yameundwa kwa viwango vikali zaidi vya moshi, hilo halina ubishi. Lakini tuulize moshi unatoka wapi. Unatoka kwenye ringi zilizolegea, nozeli zilizooza na, zaidi ya yote, kwenye masega ya kusafisha moshi yaliyong'olewa kwenye ekzosi na kuuzwa kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo. Gari la miaka 5 lisilo na masega huikaba hewa kuliko la miaka 15 lenye masega mazima, na kalenda haiwezi kuliona hilo hata mkiivalisha miwani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata mafanikio makubwa Januari 2015 ilipohamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na haikuyapata kwa kuuliza umri wa mtu yeyote. Ilipima kilichomo kwenye mafuta. Ama kuhusu joto la dunia, kokotoeni wenyewe. Lita ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Gari la kilomita 10 kwa lita likienda kilomita 15,000 kwa mwaka hutoa kama tani 3.45; jipya la kilomita 14 kwa lita hutoa kama tani 2.5. Tofauti haifiki tani moja kwa mwaka, ilhali kuunda gari jipya, kwa makadirio ya kawaida, huigharimu dunia tani 5 na zaidi kabla halijawashwa. Mkisema mtumba wa miaka 7 nao umekwisha kuundwa, mna haki. Lakini kila anayesukumwa apande ngazi moja juu humsukuma aliye mbele yake, na mwisho wa foleni hiyo kuna kiwanda.

Kuna pingamizi la ajali. Breki mbovu huua, na gari lisilo na mifuko ya hewa humlinda mtu pungufu kuliko lenye nayo. Nakubali. Lakini tazameni mlipomweka mlinzi wenu: yuko mlangoni, na ndani ya nyumba haonekani sana. Gari lililoingia Mombasa likiwa na miaka 7 linaweza kuishi Kenya hadi lifike 30, na kiwango kilicholizuia la miaka 9 hakitalifuata tena. Pedi za breki zilizokwisha mwaka wa pili baada ya kuvuka bandari haziulizi zilivukaje. Kama mnaogopa maiti barabarani, kagueni breki, taa, tairi na usukani wa kila gari kila mwaka, yakiwemo mapya na yenye namba za serikali, kwa mashine inayotoa jibu lilelile hata mwenye gari akiwa na haraka. Mtaniambia kwamba ukaguzi huzaa rushwa, na kwamba mita za kilomita hurudishwa nyuma. Basi msipime mita, pimeni hali. Mita hudanganya; moshi ukipimwa na breki zikipimwa, huwa vigumu zaidi kuzifundisha uongo.

Linabaki lile ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni fedha. Serikali inahitaji mapato, na hilo si dhambi. Kama uchakavu ni mapato, uiteni mapato, mwananchi atalipa akinung'unika kama kawaida yake, lakini asiambiwe kwamba analipia afya yake. Tena njia ya haki mnaijua. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwenye lita ya mafuta, ili anayetumia barabara zaidi achangie zaidi. Ilikuwa hesabu safi: lipa kwa unavyoendesha. Iweje mtu huyohuyo alipe pia kwa sababu gari lake lilizaliwa kabla ya lako? Na msiseme mnalinda viwanda vya ndani huku mkisahau kiwanda kikubwa mlicho nacho tayari. Kiko Gerezani, Dar es Salaam, kiko Kirinyaga Road, Nairobi, kiko soko la Kisekka, Kampala. Kinafufua gia boksi, kinachonga vipuri visivyouzwa tena, kinafundisha vijana ambao vyuo havikuwa na nafasi yao, na hakijawahi kuomba msamaha wa kodi. Kinachokiua ni spea feki na oili ya kuchakachua zinazoingia zikiwa mpyaaa, ndani ya maboksi yanayong'aa, umri wao siku sifuri. Kalenda yenu huzipigia saluti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Ondoeni umri kwenye kikokotoo na mweke cheti cha hali ya gari, kinachotolewa upya kila mwaka. Kila gari liwe na kitabu cha matengenezo kinachouzwa pamoja nalo, na anayekijaza kwa uaminifu apate nafuu ya bima au kodi, kama Gordon alivyopata maili milioni 3. Na nguvu mnayotumia kuhesabu miaka ihamishieni kwenye spea feki na kwenye kuwapa vyeti mafundi wa mtaani, kazi ambayo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, inaweza kuifanya bila kuvumbua kitu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kodi ya uchakavu inamtoza aliyeziba ufa kwa sababu ukuta wake ni wa zamani.

Nawatakia kazi njema, na maisha marefu kupita yale mnayoyaruhusia magari.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mlipa kodi

Nakala:
Mafundi wote, Gerezani, Kirinyaga Road na Kisekka
Nahodha, MV Liemba, Kigoma – kwa taarifa, na asilete meli karibu na bandari yenye kikokotoo