Kofi la Kitabibu

Wapo wataalamu ambao kitufe A cha Game Boy kikigoma, tiba yao ya kwanza ni kukibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kifaa cha mwaka 1989 kimeanza uziwi. Kikikaidi, hupigwa kofi mgongoni. Kikizidi kukaidi hupulizwa, na mate yakiingia humo basi ni sehemu ya dawa.

Chini ya kitufe hicho hakuna springi wala pepo. Kuna kipande cha mpira chenye kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidonge hugusa njia mbili za umeme kwenye bodi na kuziunganisha. Siri yote ndiyo hiyo. Zaidi ya miaka 30 ya jasho, vumbi na soda iliyomwagwa na mtoto ambaye leo ni mheshimiwa mwenye kitambi huweka utando hapo katikati, na umeme haupiti.

Ungetosha usufi wenye spiriti kidogo, betri zikiwa zimetolewa. Lakini skrubu za nje zina mabawa matatu, na bisibisi ya nyota haizishiki. Hapo ndipo mtaalamu wetu huleta kisu cha jikoni, na mgonjwa wa maradhi mamoja akatoka na matatu. Wenye bidii zaidi huisugua kaboni kwa msasa mpaka iishe, kisha huulaumu ubora wa Wajapani.

Nunua bisibisi yake, mkubwa wangu, na kisu ukirudishe jikoni.