Maji Hushuka, Moshi Hupanda

Desemba ikiingia Bukavu, msamaha unapanda bei pamoja na mchele na kuku. Mahubiri yote yanageukia kuacha ya kale, kwaya zinaimba hayo hayo, hata shangazi aliyenuna tangu harusi ya 2019 anaanza kuulizia afya yako. Hakuna anayetaka kuingia Bonane, yaani Mwaka Mpya, na kinyongo. Nguo mpya za watoto ni mzigo wa kutosha.

Shida ni kwamba mji huu haukujengwa kwa ajili ya msamaha. Wabelgiji walipouita Costermansville walijichagulia rasi zinazoingia Ziwa Kivu, penye upepo na nafasi. Sisi wa Kadutu tumepandana mteremkoni nyumba juu ya nyumba, mlango wangu ukitazamana na msingi wa jirani, mlango wake ukitazamana na bati langu. Kwingine unaweza kumnunia mtu kwa kugeuza uso. Huku ukigeuza uso unaanguka.

Kinyongo changu ni cha maji. Mama wa Juu (ndivyo tunavyomwita, mimi ananiita Papa wa Chini) akimaliza kufua, anamwaga beseni kwenye mfereji anaodai upo. Mfereji huo ulikwenda na mvua kitambo. Maji yanafuata ukuta, yanazunguka choo kwa heshima zote, halafu yanaingia jikoni kwangu na povu lake. Safari moja yalilowesha gunia zima la unga wa muhogo. Alishuka mwenyewe kuomba radhi, akanilipa noti ya dola kumi.

Wa Bukavu mmeshajua. Dukani muuzaji aliiinua kwenye mwanga, akaipapasa ukingo kwa ukucha, akanionyesha mpasuko ambao mimi niliuona kwa kuvaa miwani. Franki inaweza kunuka samaki ikapita mikono mia. Dola ikichanika kidogo tu, imekufa. Nikaihifadhi ndani ya Biblia, kwenye zile Zaburi za kuwaombea maadui mabaya.

Basi wiki ya mwisho ya mwaka nikaamua kwenda kusamehe. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nikawasha mbabula, lile jiko la makaa, makaa yenyewe mabichi, nikakaanga sahani tele ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Halafu nikaanza kupanda. Mvua ilikuwa imezigeuza ngazi za udongo kuwa sabuni. Nilifika mlangoni kwake kwa magoti, wala si kwa unyenyekevu, na nusu ya sambaza walikuwa wameshatangulia kurudi nyumbani.

"Mama, nimekuja kukuambia kwamba nimekusamehe."

Alikuwa ameketi anachambua sombe, majani ya muhogo. Hata hakusimama.

"Aksanti, Papa. Hata mie nilishakusamehe ya moshi."

"Moshi gani?"

Akanionyesha pazia, ambalo inasemekana lilinunuliwa likiwa jeupe. Akanionyesha chandarua, rangi ya chai ya rangi. "Moshi yako inapanda mpaka mu kitanda. Kila usiku naota sambaza."

Waliowatoa sambaza Ziwa Tanganyika na kuwamwaga Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 walifikiria wavuvi na walaji. Wanaolala juu ya jiko la mtu hawakuwafikiria. Lakini pazia silo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba nimebeba msamaha mlima mzima, nimeangukia nao, kumbe mwenzangu alishatoa wa kwake zamani, tena akiwa kwenye kigoda.

Tukala waliobaki. Mdomo ukiwa na mafuta mazungumzo hulainika: siku zake za kufua mimi nitapika ndani, siku zangu za kukaanga nitamwita kwanza aanue nguo. Halafu tukakubaliana kununua bomba la plastiki litakalopitisha maji pembeni mwa parsele yangu na kuyaachia chini kabisa, yaani kwa jirani wa tatu, ambaye hakuwepo kwenye kikao. Huyo naye atakuwa na Desemba yake.

Ikabaki michango. Nikateremka, nikafungua Zaburi, nikapanda tena na zile dola kumi, moyo mweupe. Mama wa Juu akaipokea noti, akasogea dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Akapitisha ukucha ukingoni, polepole, mara mbili.

"Papa," akasema, akinirudishia, "hii haipiti. Imepasuka. Hauna ingine?"